Mtaji wa 1996 bado unazunguka: gemu za kwanza za pande tatu na zile zilizozifuata

BIDHAA iliyoingia sokoni mara ya kwanza mwaka 1996 ilirudishwa rafuni tarehe 14 Februari 2024 kwa bei ya dola 29.99 za Marekani. Ilikuwa mkusanyiko wa gemu tatu za mwanzo za Tomb Raider, zile za 1996, 1997 na 1998, zilizofanyiwa ukarabati na kampuni ya Aspyr ya Texas. Mnunuzi alipewa kitufe kimoja: akikibonyeza, sura mpya inaondoka na ile ya zamani yenye kona kona inarudi palepale alipo. Alipewa pia uchaguzi wa mwendo, ama ule wa kisasa ama ule wa zamani ambao wachezaji wa siku hizo waliulaani huku wakiendelea kucheza.

Ni jambo la nadra kwa mfanyabiashara kuuza kitu kipya na kuweka kile cha zamani ndani yake bila kuongeza senti. Katika biashara ya gemu za video kuna sababu yake. Karibu kila gemu kubwa ya safari na visa inayouzwa leo imejengwa juu ya majibu yaliyopatikana kati ya 1992 na 1998, na baadhi ya wanunuzi wako tayari kulipa ili waone majibu hayo yalivyokuwa kabla hayajalainishwa.

Jina la Tomb Raider ni mali ya Embracer Group, kampuni yenye makao yake Karlstad, Sweden. Embracer ilitangaza Mei 2022 kwamba inanunua kutoka kwa Square Enix ya Japani karakana tatu za gemu pamoja na majina zaidi ya 50, Tomb Raider likiwa la kwanza katika orodha, kwa dola milioni 300. Wakati huo gemu za jina hilo zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 88. Wachunguzi wengi wa soko walishangaa kwa urahisi wa bei. Kilichosahaulika ni kwamba Embracer, kupitia tawi lake la THQ Nordic, ilikuwa tayari imenunua mwaka 2018 jina jingine la zamani zaidi, Alone in the Dark la mwaka 1992. Kwa hiyo kampuni moja ya Sweden ikajikuta ikishika hati za nyumba mbili kati ya zile zilizoanzisha mtaa mzima.

Matokeo hayakufanana. Tomb Raider iliyokarabatiwa iliuzwa vizuri kiasi kwamba mkusanyiko wa pili ulifuata. Alone in the Dark mpya, iliyojengwa upya kabisa na kutolewa Machi 2024, haikufikia mauzo yaliyotarajiwa, na karakana ya Pieces Interactive iliyoitengeneza ilifungwa Juni mwaka huo huo. Kujua ni kwa nini kunahitaji kurudi nyuma kidogo na kutazama gemu hizi zilitatua tatizo gani.

NANI ASHIKE KAMERA

Katika gemu za zamani za pande mbili mchezaji alitazama mambo kwa ubavu, kama mteja anavyotazama rafu ya duka akiwa nje ya kaunta. Mtu wake alikwenda kushoto au kulia, aliruka juu au alianguka chini. Hapakuwa na swali la wapi pa kusimama ili kuona. Dunia ilipoongezewa kina, swali hilo likaja na mengine nyuma yake. Kama mtu wangu anaweza kwenda popote, mimi ninayemtazama nikae wapi? Nikikaa nyuma yake, ukuta ukitukaribia nani ahame? Nikibonyeza kitufe cha mbele, ni mbele yake au mbele yangu?

Jibu la kwanza lililoleta fedha lilitoka Ufaransa. Frédérick Raynal wa kampuni ya Infogrames alijua kwamba kompyuta za 1992 haziwezi kuchora nyumba nzima ya pande tatu na watu ndani yake kwa kasi inayofaa. Kwa hiyo alifanya kama mtu wa maigizo. Kila chumba kilikuwa picha bapa iliyochorwa mapema, na ni watu, majinamizi na vitu vya kushika tu vilivyojengwa kwa vipande vya pembetatu na kusogezwa mbele ya picha hiyo. Kamera haikusogea hata kidogo. Mtu alipovuka mstari fulani sakafuni, picha ilibadilika na kumwonyesha kutoka kona nyingine, pengine kutoka darini, pengine kutoka nje ya dirisha kana kwamba kuna anayemchungulia.

Ufinyu huo wa mashine ukageuka kuwa bidhaa. Mchezaji alisikia kitu kikitembea lakini hakukiona, kwa sababu kamera haikumruhusu kupinda kona kabla ya miguu yake. Hofu hiyo haikugharimu chochote cha ziada. Raynal mwenyewe hakukaa kuivuna. Aliondoka Infogrames na wenzake, wakaanzisha Adeline Software na kutoa Little Big Adventure mwaka 1994.

Waliovuna zaidi walikuwa Wajapani. Machi 1996 Capcom ilitoa Resident Evil kwa mashine ya PlayStation ya Sony, chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Mikami alieleza miaka mingi baadaye kwamba mpango wa mwanzo ulikuwa kuonyesha kila kitu kwa macho ya mhusika mwenyewe, na kwamba mashine iliposhindwa kufikia kiwango alichotaka alifuata njia ya Alone in the Dark. PlayStation ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Picha za vyumba zilizotayarishwa mapema ziliiondolea mzigo, na diski, iliyobeba megabaiti mia sita na kitu, ilikuwa na nafasi tele ya kuzihifadhi.

Diski lakini ilikuwa na kasoro yake: ilisoma polepole. Capcom ilificha kusubiri huko kwa kuonyesha mlango ukifunguka taratibu gizani kila mara mchezaji alipotoka chumba kimoja kwenda kingine. Wengi walidhani ni kionjo cha kutisha. Kwa kweli ilikuwa ni mashine ikipakia mzigo. Mbinu hiyo haijafa. Katika God of War ya 2018, na katika Tomb Raider ya 2013 kabla yake, mchezaji anajikuta kila baada ya muda akijipenyeza kati ya miamba miwili iliyobanana. Hapo napo mashine inapakia mzigo. Mlango umekuwa ufa, basi.

KWENDA KAMA KIFARU

Kamera isiyosogea ilileta ule mwendo unaolalamikiwa hadi leo. Kama kubonyeza juu kungemaanisha kwenda mbali na mtazamaji, basi kila picha ilipobadilika na mbele nayo ingebadilika, na mhusika angegeuka na kurudi alikotoka. Kwa hiyo kitufe cha juu kilimaanisha mbele ya mhusika mwenyewe, popote anapotazama, na kushoto na kulia vilimzungusha palepale. Ndivyo dereva anavyoendesha kifaru cha jeshi, na wachezaji wakauita mwendo wa kifaru. Ulikuwa mzito lakini ulikuwa wa haki: kamera ingeruka kutoka kona hadi kona, mhusika angeendelea kwenda alikokuwa akienda.

Nintendo ilikuja na jibu la pili kabisa. Tarehe 23 Juni 1996 iliuza Japani mashine yake ya Nintendo 64 pamoja na Super Mario 64, kazi ya Shigeru Miyamoto na wenzake. Pedi ya mashine hiyo ilikuwa na kijiti kinachosukumwa kidogo au sana, kwa hiyo Mario alinyata, alitembea au alikimbia kulingana na kidole gumba. Kamera ilikwenda naye, na mchezaji aliweza kuizungusha kwa vitufe vyake maalumu.

Miyamoto alijua kwamba mnunuzi wa 1996 hajui kuna kitu kinaitwa kamera. Basi akaifanya mtu. Gemu inaanza kwa kumwonyesha Lakitu, yule kobe apandaye wingu, akiwa ameshika kamera na kutangaza kwamba atamfuata Mario kupiga picha. Baadaye kuna chumba chenye kioo, na ndani ya kioo Lakitu anaonekana akielea nyuma. Hii ilikuwa kazi ya ualimu iliyovaa nguo za kichekesho. Vilevile gemu haimtupi mgeni vitani. Inamweka kwanza kwenye bustani mbele ya ngome, bila adui yeyote, apande miti na kuogelea hadi mkono uzoee. Watengenezaji wenyewe walianza hivyo hivyo: kabla hawajajenga uwanja wowote walikuwa na Mario na sungura wa kumfukuza, wakirekebisha mwendo mpaka kukimbia kwenyewe kukawa na raha.

Kuna jambo dogo jingine ambalo mpitaji haraka halioni. Kivuli cha Mario kipo daima chini yake kabisa, hata pale ambapo jua lingekiweka pembeni. Katika kioo bapa cha televisheni jicho halina njia ya kujua mtu aliye hewani yuko juu ya nini. Kivuli kinamwambia. Gemu za kurukaruka za leo zenye mwanga wa kila aina bado zinaweka alama chini ya mrukaji, kwa sababu televisheni bado ni bapa.

Mario 64 ilikaa ndani ya kaseti ya megabaiti 8 na kuuzwa nakala karibu milioni 12. Hata hivyo mashine yenyewe haikushinda vita. Nintendo 64 iliuzwa karibu milioni 33 duniani, PlayStation zaidi ya milioni 100. Kaseti ilikuwa ghali kuitengeneza na iliagizwa mapema. Diski ilikuwa rahisi na iliongezwa kadiri mauzo yalivyokwenda. Mhasibu wa kampuni ndogo ya gemu hakuhitaji kufikiri sana.

MIRABA YA DERBY

Kampuni mojawapo ya aina hiyo ilikuwa Core Design ya Derby, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Timu yenye watu wasiozidi kiganja na kidole ilitengeneza Tomb Raider kufuatia wazo la kijana mchoraji aitwaye Toby Gard. Ilitoka Ulaya Oktoba 1996 kwa mashine ya Saturn, na mwezi uliofuata kwa PlayStation na kompyuta.

Jibu lao lilikuwa katikati ya mengine mawili. Kamera ilimfuata Lara Croft kwa nyuma, lakini mwendo ulibaki wa kifaru. Kilichofanya ifae ni sakafu. Dunia yote ya Tomb Raider ilijengwa kwa miraba ya ukubwa mmoja, na mwili wa Lara ulipimwa kwa miraba hiyo. Kuruka akiwa amesimama kuna urefu wake, kuruka kwa mbio kuna urefu wake. Mchezaji anatembea taratibu hadi ukingoni, anaruka nyuma mara moja kupata nafasi ya kukimbia, anapiga mbio na kuruka. Akihesabu vizuri hafi. Akifa ni kosa lake, na analijua.

Hesabu hii ilitoka kwa mzee wa pande mbili. Prince of Persia ya Jordan Mechner, iliyotoka 1989, nayo ilipima kila hatua ya mtu wake dhidi ya vigae vya sakafu. Core Design ilichukua hesabu hiyo na kuipa kina. Miaka kumi na minne baada ya Prince wa kwanza, Ubisoft ya Montreal ilitoa Prince of Persia: The Sands of Time, ikiwa na kukimbia ukutani na kuning'inia kwenye kingo, mambo ambayo soko lilikuwa limeyazoea kwa Lara. Mradi uliofuata wa karakana hiyo ulianza kama Prince mwingine, ukabadilika njiani, na mwaka 2007 ukauzwa kwa jina la Assassin's Creed. Mwaka huo huo Naughty Dog ya California ilitoa Uncharted, yenye mtafuta hazina, magofu na mafumbo ya mawe, na hakuna mnunuzi aliyehitaji kuelezwa ukoo wake. Ya nne katika mfululizo huo, ya 2016, ilifika mpaka Madagaska kutafuta hazina ya maharamia wa Bahari ya Hindi.

Kwa vitabu vya hesabu Tomb Raider ilikuwa mwokozi. Eidos, iliyoinunua kampuni mama ya Core Design mwaka 1996, ilitoka kwenye hasara na kuingia kwenye faida ya mamilioni ya pauni. Mwaka 1997 Lara alikuwa kwenye jalada la jarida la The Face, na sura yake ilionyeshwa katika ziara ya bendi ya U2. Septemba mwaka huo Sony ililipa ili gemu za Lara kwa upande wa mashine za televisheni zisitoke kwingine ila PlayStation hadi mwaka 2000. Filamu ya 2001 ikaingiza zaidi ya dola milioni 270.

Gard hakuwepo. Aliondoka mwaka 1997, pamoja na mtunga programu Paul Douglas, kwa kutoridhika na jinsi mhusika wake alivyokuwa akiuzwa. Gemu yao iliyofuata, Galleon, ilitoka 2004, ikiwa imechelewa miaka mingi na soko limeshahama.

Waliobaki Derby walipewa kazi ya kutoa Tomb Raider kila Krismasi: 1997, 1998, 1999, 2000. Kuna mwaka walimuua Lara mwishoni mwa hadithi, na mwaka uliofuata wakaleta gemu ya kumkumbuka. Miraba ilibaki ileile kwa sababu hapakuwa na muda wa kuibadilisha. Pamoja na gemu ya 2000 waliwapa wanunuzi wa kompyuta kile chombo chenyewe cha kujengea viwanja, na wapenzi wa gemu hiyo bado wanajenga navyo hadi leo. Walipopata mashine mpya, PlayStation 2, walijaribu kuanza upya. The Angel of Darkness ilitoka 2003 ikiwa haijaiva, ikapondwa, na Eidos ikaihamishia kazi kwa Crystal Dynamics ya California. Mwaka 2006 wafanyakazi na mali za Core Design zikauzwa kwa kampuni ya Rebellion, bila jina la Tomb Raider. Derby ilibaki na barabara. Mwaka 2010 wakazi walipigia kura jina la barabara mpya, na jina lililoshinda likawa Lara Croft Way.

KUMSHIKA ADUI KWA JICHO

Kitendawili kimoja kilibaki. Mario alikanyaga maadui. Lara alifyatua bastola zake na zilijilenga zenyewe. Lakini vipi mtu apigane kwa upanga katika dunia ya pande tatu, wakati adui anamzunguka na kamera haijui nani ni nani?

Jibu lilitoka katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Novemba 1998. Watengenezaji wawili wa Nintendo, Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi, walikwenda kwenye kijiji cha filamu huko Kyoto kutafuta mawazo. Wakatazama onyesho ambalo ninja alipigana na samurai kwa mundu wenye mnyororo. Mnyororo uliponasa, ninja alizunguka samurai kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Wakaona hapo jibu: mfunge mchezaji kwa adui mmoja kwa mnyororo usioonekana. Akishikilia kitufe cha Z, kamera na uso vinamwelekea adui huyo, na kijiti kinageuka kuwa cha kumzunguka, kumsogelea na kumkwepa. Maadui wengine wanasubiri kidogo zamu yao, kama waungwana. Koizumi aliongeza kijimalaika kinachoelea ili kuonyesha nani ameshikwa.

Ocarina iliuzwa nakala milioni 7.6 kwa mashine ile, lakini hesabu hiyo haionyeshi ukubwa wa jambo. Kushika adui kwa jicho kukawa kanuni. Dark Souls ya 2011 ya kampuni ya FromSoftware imesimama juu yake, na Elden Ring ya 2022 ya kampuni hiyohiyo iliuza nakala milioni 20 kwa mwaka mmoja. Dan Houser, mmoja wa waanzilishi wa Rockstar wanaotoa Grand Theft Auto, aliwahi kusema hadharani mwaka 2012 kwamba mtengenezaji wa gemu za pande tatu anayedai hajaazima kitu kutoka Mario au Zelda za Nintendo 64 anadanganya. Ni kauli nzito kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza kuliko karibu wote.

JINA LINA MWENYEWE

Sheria inaeleza kwa nini Houser aliweza kusema hivyo bila kumwita wakili. Hakimiliki inalinda sura, jina, muziki na maandishi ya programu. Hailindi namna ya kucheza. Capcom iliwahi kumshitaki mshindani wake Data East nchini Marekani kwa kuiga mapigo ya Street Fighter, na mwaka 1994 mahakama ikakataa kuzuia mauzo, kwa sababu teke na ngumi za kawaida si mali ya mtu. Hataza inaweza kulinda mbinu, na mfano unaokumbukwa ni wa Namco, iliyokuwa na hataza Marekani ya kumpa mchezaji mchezo mdogo wakati mashine inapakia. Kwa takriban miaka 20, mpaka ilipokwisha 2015, wengine waliliacha wazo hilo pembeni. Hebu fikiria kama kamera ya nyuma ingefungwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo mbinu zilisambaa bure na majina yakauzwa kwa bei. Si kila aliyepanda mbinu alikula. Sega ilimpa Yu Suzuki fedha za Shenmue ya mwaka 1999, mji mzima wa Kijapani wenye maduka, mvua na watu wenye ratiba zao. Suzuki ametaja gharama ya dola milioni 47, na nakala zilizouzwa ni kama milioni 1.2. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza mashine za gemu. Lakini kile kitendo cha Shenmue cha kubonyeza kitufe kinachojitokeza ghafla katikati ya tukio kilionekana tena mwaka 2005 katika Resident Evil 4 na God of War, zote mbili zikiwa na faida.

Resident Evil 4 yenyewe ni somo la pekee. Capcom ilitupa michoro kadhaa kabla ya kuipata. Mmojawapo ulikwenda mbali mno na hofu hata ukageuzwa kuwa gemu nyingine, Devil May Cry ya 2001. Mikami aliishia kuivunja nyumba aliyoijenga mwenyewe: picha za vyumba zikaondoka, kamera ikashuka na kukaa nyuma ya bega la kulia. Gears of War ya 2006 na Dead Space ya 2008 zikakaa begani hapo hapo. Na Capcom ilipoijenga upya Resident Evil 2 Januari 2019, haikurudisha kamera za kona. Iliiweka begani, na imeuza zaidi ya nakala milioni 10, ambapo ile ya 1998 iliuza chini kidogo ya milioni 5.

Hapa ndipo Alone in the Dark ya 2024 ilipokwama. Ilirudi sokoni ikiwa na kamera ya begani iliyopitia Resident Evil, kwa mnunuzi ambaye tayari anazo Resident Evil mbili au tatu za namna hiyo nyumbani. Kitu alichovumbua Raynal hakikuwemo. Jina peke yake halikuwa na watu wa kutosha wa kulikumbuka.

UKUNGU NA RANGI YA NJANO

Mfano wa kinyume ni Silent Hill. Mwaka 1999 Konami ilitaka mji mzima katika PlayStation, na mashine haikuweza kuchora mbali. Wakajaza mji ukungu na giza. Mashine za leo zinaweza kuchora mji huo hadi upeo wa macho, lakini Silent Hill 2 ilipotengenezwa upya na kutolewa Oktoba 2024, ukungu ulibaki. Mnunuzi angedai kurudishiwa fedha zake kama usingekuwepo.

Kuna pia kilichopotea, na wachezaji wa makamo hawachoki kukitaja. Katika miraba ya 1996 mchezaji aliusoma ukuta kwa macho na kujua kama unapandika. Sura zilipokuwa nzuri mno, miamba ikawa na nyufa elfu na hakuna ajuaye upi ni wa kushika. Watengenezaji wakaanza kupaka alama, nyeupe hapa, njano pale, kwenye kila ngazi, sanduku na ukingo. Mwaka 2023 Resident Evil 4 mpya ilizua mabishano kwa rangi yake ya njano, na mwaka 2024 Final Fantasy VII Rebirth ikazua tena. Watetezi wanasema bila rangi mchezaji anapotea na kuzima mashine. Wapinzani wanasema wanalipa dola 70 kufuata mstari wa rangi. Wote wawili wana hoja, ila ukweli ni kwamba kupanda kwingi katika gemu za leo hakuui mtu. Mhusika ananing'inia mwenyewe, na kuruka kwenyewe hakukosi. Hesabu ya Derby imeondolewa, umebaki mwonekano wake.

Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako mpira wa miguu ndio uliokuwa mfalme, gemu za namna hii hazikuwahi kuwa na foleni ndefu. Mteja aliyelipia dakika hakuwa na dakika za kuhesabu miraba.

Embracer nayo imebanwa. Mei 2023 ilitangaza kuvunjika kwa mkataba uliotarajiwa kuleta dola bilioni 2 kwa miaka sita. Mshirika aliyetajwa katika habari za biashara ni Savvy Games ya Saudi Arabia, ambayo tayari ilikuwa imetia dola bilioni 1 katika hisa za kampuni hiyo mwaka 2022. Thamani ya hisa ilianguka, karakana zikafungwa, nyingine zikauzwa, na Aprili 2024 uongozi ukatangaza mpango wa kuigawa kampuni mara tatu. Katika hali hiyo bidhaa inayokarabatiwa kwa gharama ndogo na kuuzwa kwa watu wanaoijua tayari ina uzito wake.

Tarehe 14 Februari 2025 Aspyr ilitoa mkusanyiko wa pili kwa bei ileile ya dola 29.99. Una gemu za 1999 na 2000, na ya tatu ni The Angel of Darkness, ileile iliyowagharimu watu wa Derby kazi yao, safari hii ikiwa imerekebishwa na kurudishiwa baadhi ya vitu walivyolazimika kuvikata mwaka 2003.